Nijibuje kwa Kiingereza nikiulizwa kuhusu hadithi za utotoni na vitabu ninavyopenda?

AfisaUgani_Newala aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa waliowahi kufanya mtihani wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza, hasa ile sehemu ya kuzungumza ana kwa ana na mtahini. Mimi ni afisa ugani wa kilimo, mzaliwa wa Newala ninayefanya kazi Mtwara, na ninaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo cha nje kinachotaka wastani wa 6.5 na kisichokubali alama iliyo chini ya 6.0 katika sehemu yoyote. Niliufanya mtihani huo Dar es Salaam mapema mwaka huu. Kusikiliza nilipata 7.0, kusoma 7.0, kuandika 6.0, na kuzungumza 5.5. Wastani ulifika 6.5, kwa hiyo upande huo nilikuwa nimepita, ile 5.5 peke yake ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Kadi niliyopewa ilinitaka nieleze hadithi niliyoisikia nikiwa mtoto: ilihusu nini, nani alinisimulia, na kwa nini bado ninaikumbuka. Nilifurahi nilipoiona, kwa kuwa katika mafunzo ya wiki sita niliyohudhuria kabla ya mtihani mkufunzi wetu alikuwa ametupa jibu la kukariri kwa swali la namna hiyo hiyo, kuhusu binti wa mfalme aliyeishi katika ngome yenye theluji. Nilianza vizuri, lakini nilipofika kwenye mlango wa ngome neno moja lilinitoka kichwani, na maneno yote yaliyokuwa nyuma yake yakaondoka nalo. Nilinyamaza. Mtahini alisubiri kwa upole, kisha akaniuliza nani alinisimulia hadithi hiyo. Nikasema ni bibi yangu, na katika sentensi tatu zilizofuata nikamwita bibi "he".

Baada ya hapo yalikuja maswali ya usomaji. Nilisema ninapenda riwaya, kwa sababu niliona ndilo jibu la msomi, na nilipoulizwa riwaya ya mwisho niliyoisoma sikuwa na la kusema, maana tangu kidato cha sita sijamaliza hata moja. Ukweli ni kwamba ninachosoma kila siku ni vipeperushi vya kazi kuhusu ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho na upuliziaji wa salfa, magazeti, na habari za bei za minada. Hadithi ninazozijua kwa moyo ni zile za bibi, hasa ile ya sungura aliyekataa kuchimba kisima na wenzake, aliyotusimulia jioni tukibangua korosho. Niliona aibu kuyapeleka mambo hayo mbele ya mtahini. Je, yanafaa? Na nikiyatumia, nijizoeze vipi ili Kiingereza changu kisikwame tena?

Mwalimu_Mstaafu_Shangani alijibu:

Mwanangu, pole kwa yaliyokukuta. Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi, kwanza Masasi na baadaye hapa Mtwara mjini, na tangu nistaafu huwasaidia vijana wachache barazani kwangu wanaojiandaa kwa mtihani huo. Naomba nianze na jinsi alama zinavyotolewa, kwa sababu mtu asiyejua anapimwa kwa mizani gani hubeba mzigo usio wake.

Mtahini anakupima kwa mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa maelezo, msamiati, sarufi, na matamshi. Kila jambo lina alama yake, kisha hutafutwa wastani. Aliyepata 6 katika mawili na 5 katika mawili hutoka na 5.5. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mawili kati ya manne tayari yako mahali unapopataka. Katika orodha hiyo hakuna pahali palipoandikwa ubora wa hadithi wala unene wa kitabu, na mtahini hana kipimo chochote kinachomwambia kwamba binti wa mfalme anamzidi sungura. Anachokisikiliza ni kama unaweza kuendelea kusema, ukaeleweka, na ukapata maneno unapoyahitaji. Jibu la kukariri linaharibu mambo yote hayo kwa pamoja, tena watahini wamefundishwa kulitambua, na wala si kazi ngumu: mtu aliyekuwa akitafuta maneno alipoulizwa anaishi wapi anaanza ghafla kutiririka kama redio, halafu anakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Kwa hiyo hadithi ya kisima si kwamba inafaa tu. Ningekuwa wewe nisingepeleka nyingine. Umekulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo maji yalitafutwa kwa miguu bondeni. Mtoto wa huko anaposikia kwamba wanyama wote walichimba kisima wakati wa kiangazi, sungura akakataa kutoa jasho lake, kisha akawa anakuja kuiba maji usiku mpaka kobe akamnasa, haelezwi kwa nini hilo ni kosa. Analijua shingoni mwake, alipobebea ndoo. Hapo ndipo lilipo jibu la kile kipengele cha mwisho cha kadi, cha kwa nini bado unaikumbuka, ambacho watahiniwa wengi hukimaliza kwa kusema hadithi ilikuwa nzuri na kunyamaza.

Sasa sarufi. Kiswahili kinaposimulia hutaja wakati mara moja tu, mwanzoni, halafu -ka- inabeba yote yanayofuata: sungura alikwenda kisimani, akatazama huku na huku, akanywa, akaoga, akarudi kwake. Masikio yetu yamezoea kwamba wakati uliopita ukishatajwa, umetajwa. Kiingereza hakina ukarimu huo. Kila kitenzi lazima kibebe wakati wake chenyewe, "went", "looked", "drank", "washed", "came back". Wanafunzi wangu huanza vizuri na "went", na kuanzia kitenzi cha pili utawasikia wakisema "look", "drink", "wash". Kanuni wanaijua, na ukiwapa kalamu hawakosei. Ila ulimi unasimulia kwa -ka- huku mdomo ukitoa Kiingereza. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuchukua hadithi moja, kuiandika yote, kupigia mstari vitenzi vyake vyote, na kuvisoma kwa sauti peke yake, kimoja baada ya kingine, mpaka mfuatano wake uzoeleke.

Kosa la kumwita bibi "he" limezaliwa na lugha yetu vilevile, kwa kuwa yeye wa Kiswahili hana jinsia. Katika hadithi yako mpe bibi "she" na sungura "he", nawe usiwabadilishe hata mara moja. Ukiwa na watu wawili tu vichwani mwa sentensi zako, utajisikia mwenyewe unapoteleza. Ukiteleza, sahihisha mara moja na uendelee. Anayerudi nyuma mara tatu kusahihisha neno dogo anapoteza mtiririko kwa ajili ya sarufi, na hiyo ni biashara ya hasara. Kwa yale mazoea ya zamani, tunapotumia maneno kama bibi alikuwa akitusimulia, sema "she used to tell us", bila kuweka "was" wala "is" kabla yake. Kuhusu "a" na "the" sitasema mengi: mnyama akiingia mara ya kwanza ni "a hare", akirudi ni "the hare".

Mzawa_wa_Lindi alijibu:

Dada, Mwalimu amemaliza upande wa hadithi, nami naomba niseme juu ya usomaji, kwa sababu kosa lako nililifanya mimi kabla yako. Nilisema ninapenda mashairi. Mtahini akaniuliza ya nani, na hapo nikajua nimejichimbia shimo.

Nilipojaribu mara ya pili niliamua kusema ukweli: ninasoma habari za kale, hasa za kwetu. Nilieleza kwamba Tendaguru, kilima kilicho takribani kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, ndipo Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, kwamba wenyeji kwa mamia ndio waliofanya kazi ya kuichimba na kuibeba hadi bandarini Lindi, na kwamba mmoja wa wanyama hao amesimamishwa leo katika jumba la makumbusho Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Nilisema kwamba nilianza kusoma habari hizo baada ya kugundua kwamba nilikuwa nimepita karibu na mahali hapo mara nyingi bila kujua. Kiingereza changu hakikuwa kimebadilika sana tangu mara ya kwanza, lakini safari hii nilikuwa na la kusema, na mtu mwenye la kusema hasiti katikati ya sentensi akitafuta jambo; anatafuta neno tu, na neno hupatikana.

Kwa sababu hiyo nakushauri usiuache ubwiriunga nyumbani. Ukiulizwa unapenda kusoma nini, sema kwamba kwa sasa unasoma zaidi maandishi mafupi yanayohusu kazi yako, taja moja uliloliona na manufaa liliyomletea mkulima uliyemtembelea, kisha kiri kwamba riwaya ulizisoma zaidi ulipokuwa shuleni na useme kwa nini umeziacha. Hapo umetumia wakati uliopo, wakati uliopita, na sababu, vyote katika jibu moja la sentensi nne, bila kudanganya. Angalia pia kitenzi "prefer". Wengi wetu husema "I prefer newspapers than novels" kwa kuwa tunafikiria neno kuliko. Sahihi ni "to".

Jambo jingine ambalo huwaangusha watu ni sehemu ya tatu, ya dakika 4 hadi 5, inayokuja baada ya kadi. Pale hawakuulizi habari zako tena, wanakuuliza habari za watu: kwa nini watoto hupenda kusikia hadithi ile ile mara nyingi, kama wazazi wa leo wana nafasi ya kusimulia, kama kusoma kwenye simu ni sawa na kusoma karatasi. Ukijibu kila swali kwa bibi yangu hivi na bibi yangu vile, utaonekana huwezi kupanda juu ya mfano wako. Mimi hutoa maoni kwanza, nikaeleza sababu, ndipo nikashuka kwenye mfano wa huku. Kwa mfano, ningesema kwamba usimulizi umepungua kwa kuwa kazi zilizokuwa zikiwaketisha watu pamoja zimepungua, na hapo ndipo ningetaja kubangua korosho: siku hizi magunia mengi huuzwa mnadani yakiwa ghafi, na mikono isiyo na kazi jioni hushika simu. Maoni yako hayasahihishwi kama kweli au uongo. Mtahini akikuuliza jambo ambalo hujawahi kulifikiria, kumwambia hivyo kwa Kiingereza safi na kuanza kulifikiria mbele yake ni jibu halali.

Binti_Mikindani alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwa wengine. Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, ila naomba nitofautiane na Mwalimu katika kuiandika hadithi yote. Nilifanya hivyo hivyo, na matokeo yake nilijikuta nimejitungia jibu jipya la kukariri, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii mwandishi nilikuwa mimi. Karatasi ilipokuwa haipo, nilikwama palepale nilipokuwa nimeweka neno gumu.

Kilichonisaidia ni ile dakika 1 ya kujiandaa. Katika mtihani unapewa karatasi na kalamu, na dakika hiyo ikiisha unatakiwa kuzungumza kwa dakika 1 hadi 2 kabla mtahini hajakukatiza. Dakika moja haitoshi kuandika sentensi. Inatosha kuandika maneno matano au sita, na kwa hadithi yako yangeweza kuwa: bibi, korosho, kiangazi, kisima, kobe, maji ya nyumbani. Nilijirekodi kwa simu kila jioni nikitumia maneno kama hayo, na kila mara nilijilazimisha kuisimulia tofauti: leo naanzia kwa bibi, kesho naanzia kisimani, keshokutwa naanza na kwa nini ninaikumbuka. Baada ya wiki mbili hadithi ilikuwa yangu na maneno hayakuwa na mpangilio wa kusahaulika. Kusikiliza sauti yako mwenyewe kunaudhi, siwezi kukuficha, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha makosa yangu kama ile simu.

Hapo ndipo nilipogundua matamshi yangu. Baadhi yetu huku kusini tunachanganya l na r bila kujisikia, na katika mada ya usomaji kosa hilo halina pa kujificha, kwa kuwa "reading" inageuka "leading" na unajikuta umemwambia mtahini kwamba burudani yako ni kuongoza. Kumbuka pia kwamba "read" ya wakati uliopita huandikwa vilevile lakini hutamkwa kama "red", rangi nyekundu. Sauti ya "th" isikutishe hata kidogo, kwa kuwa tunayo: anayetamka thelathini na dhahabu kwa usahihi tayari anajua "think" na "this", na anayesema selasini na zahabu aanze kwa kurekebisha Kiswahili chake, Kiingereza kitafuata. Mkazo nao ni shida, kwa sababu Kiswahili huuweka karibu na mwisho wa neno siku zote. Tunasema "character" kwa kukaza katikati, wakati mkazo uko mwanzoni. Na kobe, "tortoise", usimtamke kwa kufuata herufi zake. Mwisho wake husikika kama -tasi iliyokatwa irabu.

Hawatakukata alama kwa kuzungumza kama Mtanzania. Nilipata 7.0 nikiwa na lafudhi ya Mikindani tupu.

AfisaUgani_Newala alijibu:

Mwalimu shikamoo, na nawashukuru sana kaka na dada. Nimejirekodi jioni nne mfululizo kwa maneno sita. Mara ya kwanza nilimaliza kwa sekunde 50 nikawa sina la kuongeza; jana nilifika dakika 1 na sekunde 45. Kilichoongeza muda si hadithi yenyewe, ni yale ya pembeni: kwamba bibi alikuwa akiacha kubangua kila alipofika mahali sungura anaponyemelea kisima, mikono yake ikabaki hewani, nasi tukajua maji yataibwa, na kwamba kesho yake asubuhi, tukishuka na ndoo, tulikuwa tukimsema sungura njia nzima kana kwamba ni jirani yetu.

Nimekwama mahali pamoja. Kwetu kobe alimnasa sungura kwa kujipaka ulimbo mgongoni na kulala ndani ya maji kama jiwe, naye sungura akamkanyaga akanasa. Sijui ulimbo kwa Kiingereza, na nimetafuta kwenye kamusi nikapata neno ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa na mtu. Je, nilikariri tu?

Mwalimu_Mstaafu_Shangani alijibu:

Marahaba, mwanangu. Kwanza, Binti Mikindani amenisahihisha kwa haki. Andika vitenzi, sentensi ziache.

Pili, usilikariri neno hilo. Umepata bahati ambayo wengine huitafuta. Mtu akikosa neno na kunyamaza, mtahini anaona pengo; akikosa neno na kulizunguka mpaka likaeleweka, mtahini anaona uwezo, na jambo hilo linahesabiwa katika msamiati. Sema kwamba ni kitu kinachonata, kinachotokana na utomvu wa mti, ambacho watoto wa kijijini hukitumia kutegea ndege: "something sticky, made from the sap of a tree, we used it to catch birds". Maneno yote hayo unayajua tangu kidato cha pili. Kisha songa mbele, sungura anasubiri kunaswa.

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia. Bibi amebaki "she" mwanzo hadi mwisho. Vitenzi vyako vimesimama mpaka pale sungura anapocheka, ambapo umesema "he drank and laugh". Ni hicho kimoja tu. Sasa jiandae na swali dogo linaloweza kufuata ukishamaliza, kwa mfano kama umewahi kumsimulia mtoto mwingine hadithi hiyo. Umewahi?

AfisaUgani_Newala alijibu:

Sikuwahi, Mwalimu. Jana usiku nilimsimulia mpwa wangu wa miaka saba kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza huku yeye akinisahihisha sehemu nilizoziruka. Aliniuliza kwa nini wanyama hawakumpa sungura maji kidogo tu, maana naye ana kiu. Nilishindwa kumjibu kwa lugha zote mbili. Nimejiandikisha kufanya mtihani tena mwezi ujao, na swali hilo nimeliweka kwenye rekodi ya leo.